Gitaa la Musa Juma Lina Wenyewe Hadi 2061

Ukisimama Kondele, Kisumu, Jumamosi usiku, huna haja ya kuuliza Musa Juma ni nani. Bendi hii inapiga nyimbo zake, ya jirani inampiga, na matatu inayopakia abiria wa Siaya imemfungulia sauti hadi vioo vinatetemeka. Mwenyewe alitutoka Mombasa tarehe 15 Machi 2011, kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 42. Kwa mpiga gitaa, huo ni umri wa kuanza kuvuna.

Nitasema juu ya mavuno hayo, ila kwanza gitaa lenyewe.

Benga, muziki wa gitaa wa baba zetu Wajaluo, ina mizizi katika nyatiti, chombo cha nyuzi 8. Akina D.O. Misiani wa Shirati Jazz waliichukua ile namna ya kudonoa uzi mmoja mmoja wakaihamishia kwenye gitaa, besi ikikimbia chini na solo ikimjibu mwimbaji kila anapovuta pumzi. Sauti zikinyamaza, gitaa likabaki peke yake juu, ujue sasa ni vumbi. Musa, mtoto wa Usonga kule Siaya, aliyezaliwa mwaka 1968, hakuiacha benga hiyo. Aliipunguzia mwendo. Aliichanganya na rumba ya Kongo iliyokuwa imejaa kwenye baa na redio zetu, gitaa la ridhimu likapewa nafasi ya kuzunguka taratibu, solo ikaingia bila papara, na juu yake ikakaa sauti ya Kijaluo ya mtu anayebembeleza. Isikilizeni tena Hera Mudho, safari hii mkiwafuata wapiga gitaa badala ya mwimbaji. Kwangu mimi, hakuna aliyeipa rumba ya Kijaluo utulivu ule, na nasema hivyo nikijua kuwa Ochieng Kabaselleh aliipitia njia hiyo kabla yake.

Bendi yake, Orchestra Limpopo International, alimoimba pia nduguye Omondi Tony, iligeuka kuwa chuo. Vijana waliopitia humo walitoka wakaunda bendi zao, na ndiyo maana mkono wake unasikika hata katika nyimbo ambazo hakuzitunga.

Sasa mavuno. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mtunzi wa muziki haki maisha yake yote, na miaka 50 zaidi kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Pigeni hesabu: 2061. Mtoto anayezaliwa leo katika Hospitali ya Jaramogi atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na nyimbo zile bado zitakuwa na wenyewe.

Baa inayoita wateja kwa muziki inatakiwa kuwa na leseni ya muziki huo. Matatu vilevile. Redio vilevile. Wengi wetu tunadhani kumpiga marehemu ni kumuenzi, basi, yameisha. Ni kumuenzi, naam. Lakini solo ile imeuza kreti ngapi za bia usiku huu mmoja?

Na haki ya marehemu haijileti yenyewe. Kule Marekani, mpiga gitaa Jimi Hendrix alifariki Septemba 1970 akiwa na miaka 27, bila kuacha wosia. Baba yake, Al, alilazimika kufungua kesi, na ni mwaka 1995 ndipo haki za muziki wa mwanawe ziliporudi mikononi mwake. Miaka 25! Na huyo ni mtu anayejulikana dunia nzima, sembuse wapiga gitaa wetu. Santuri za benga za miaka ya 1970 zilifika hadi Zimbabwe, na huko muziki wetu ukaitwa kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo, mfanyabiashara aliyezitoa. Sina ugomvi naye, kazi yake ya kuusambaza ilikuwa kubwa. Lakini wapo wapiga solo wa santuri hizo ambao hata hapa nyumbani hatuwataji.

Serikali ya Kaunti ya Kisumu hutoa vibali vya biashara kila mwaka. Kabla ya baa ya muziki kupewa kibali, iulizwe kwanza: leseni ya muziki iko wapi? Na bendi zinazompiga Musa usiku kucha ziandike wimbo, mtunzi, na umepigwa mara ngapi. Daftari la mtoto wa shule linatosha. Pasipo orodha hiyo, mashirika yanayokusanya mirabaha yatagawa pesa kwa kukisia, na atakayekumbukwa ni msanii aliye hai, anayeweza kwenda ofisini kulalamika.

Humo daftarini aandikwe na mpiga gitaa, si kiongozi wa bendi peke yake. Waliopiga na Musa wangali wapo, na wanajua nani alishika gitaa gani katika wimbo upi. Waulizwe mwaka huu huu.