Kushughulikia Hitilafu za Mwonekano wa Pau za Zana katika Makro za Excel

Utangulizi

Makro ni mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya VBA ili programu ya ofisini itekeleze yenyewe kazi ambayo mtumiaji angelazimika kuirudia kwa mkono, na upau wa zana ni safu ya vitufe vya kutolea amri kwa kubofya. Mada hii inahusu hali ambapo makro ya Excel inaagizwa kuonyesha au kuficha upau na agizo hilo likashindikana. Hoja yake kuu ni kwamba hitilafu ya namna hii haipaswi kunyamazishwa tu, kwa kuwa mwonekano wa pau ni haki ya mtumiaji, na makro inayoubadilisha ina wajibu wa kuurudisha ulivyokuwa.

Vyanzo vya hitilafu

Tangu Excel 97, pau zilikusanywa katika kundi liitwalo CommandBars, na kila upau una sifa mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara: Visible, inayoeleza iwapo upau unaonekana, na Enabled, inayoeleza iwapo umeruhusiwa kutumika. Upau ambao haujaruhusiwa hauwezi kuonyeshwa, hivyo makro inayogusa Visible kabla ya Enabled husimama hapo hapo. Chanzo cha pili ni kuutaja upau usiokuwepo, jambo linaloleta hitilafu namba 5, yaani taarifa kwamba agizo limepewa kitu kisichokubalika. Chanzo cha tatu ni aina ya upau, kwa sababu menyu ya kubofya kulia huitwa kwa ShowPopup wala si kwa Visible.

Mambo yalibadilika zaidi Excel 2007 ilipoleta utepe (Ribbon), yaani safu ya vichupo vya amri, na kuziweka kando pau za zamani. Pau zilizoundwa na makro zilihamishiwa kwenye kichupo cha programu-jalizi, na maagizo mengi yaliyolenga pau za awali yakawa yanapita bila kulalamikiwa ilhali hayabadilishi chochote kwenye skrini.

Namna ya kushughulikia

Waandishi wengi huweka On Error Resume Next mwanzoni mwa makro, agizo linaloiambia VBA iruke kila mstari ulioshindikana. Hatari yake ni kwamba hata makosa ya hesabu yanayofuata hupita kimyakimya, na ripoti yenye tarakimu potofu ikatoka ikiwa na sura ya ripoti sahihi. Njia iliyo salama ni kulifunga agizo hilo kwenye mstari mmoja tu, kisha kukagua matokeo:

Dim upau As CommandBar

On Error Resume Next
Set upau = Application.CommandBars("Mauzo")
On Error GoTo 0
If Not upau Is Nothing Then
    upau.Enabled = True
    upau.Visible = True
End If

Mstari wa On Error GoTo 0 ndio unaorejesha ulinzi wa kawaida, na sharti linalofuata huhakikisha kwamba upau umepatikana kabla ya kuguswa.

Kurejesha hali ya awali

Pau ni za Excel nzima wala si za faili moja, hivyo karani anayefungua faili lililoficha pau huzikosa hata katika mafaili yake mengine. Makro inapaswa kuorodhesha pau zinazoonekana kabla ya kuzificha, na sehemu ya kuzirudisha iwekwe mahali ambapo On Error GoTo itaielekeza kazi hata ikitokea hitilafu. Kutegemea tukio la BeforeClose, linalotokea faili linapokaribia kufungwa, pekee hakutoshi, kwani hutangulia swali la kuhifadhi, na mtumiaji akighairi, faili hubaki wazi ilhali marejesho yamekwishafanyika. Matukio ya Activate na Deactivate, yanayotokea faili linapoingia na kutoka mbele ya mtumiaji, ni imara zaidi. Upau mpya nao uundwe kwa kigezo cha Temporary, ili uondoke Excel inapofungwa.

Hitimisho

Kwa kazi mpya inapendekezwa vitufe viandikwe katika XML ya utepe iliyomo ndani ya faili lenyewe, kwa sababu hutokea na kuondoka pamoja na faili hilo. Kwa makro za zamani zinazoendelea kutumika, mwandishi akague kabla ya kuagiza, aruke hitilafu moja anayoijua, na amwachie mtumiaji Excel yake kama alivyoikuta.