MACHO YAKIGEUKA MANJANO
Maneno ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twashukuru kwa kupewa nafasi hii baada ya kusomwa hesabu ya fedha. Kazi yetu ni kalamu na daftari, si udaktari, wala hatukusimama hapa kuwafundisha wazee. Lakini daftari la mazishi liko mikononi mwetu, nalo limetuonyesha jambo ambalo si haki kulinyamazia.

Mwaka huu tulimzika mwenzetu mmoja, ambaye jina lake hatulitaji kwa heshima ya watu wa nyumbani kwake. Macho yake yaligeuka manjano, nasi sote tuliyaona. Wengine wetu tulisema ni malaria. Wengine tulisema ni pombe, tukacheka. Wengine tulinong'ona kuwa amerogwa. Akanywa dawa za mizizi kwa majuma matano. Siku alipotapika damu ndipo tulipokimbia kutafuta gari, na wakati ulikuwa umekwisha kupita. Chama kililipa jeneza na gari la kumpeleka kwao, wala hakuna aliyekataa kutoa. Lakini nauli ya hospitali, siku ile ya kwanza, hakuna aliyeitoa.

Ndugu zetu, ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu, na la mtu mzima lina uzito wa kilo 1.5 hivi. Husafisha damu, hutengeneza nyongo ya kuyeyushia mafuta ya chakula, na hutengeneza vitu vinavyoigandisha damu mtu ajikatapo. Ni mtumishi mvumilivu: laweza kuharibika miaka mingi pasipo kulalamika. Basi litakapolalamika, tusimwambie mgonjwa angoje.

Dalili zake ni hizi. Weupe wa jicho hugeuka manjano. Na tuutazame mchana, penye mwanga wa jua, maana mwanga wa taa huficha. Mkojo huwa mweusi kama chai isiyo na maziwa, na choo huweza kupauka kama udongo mweupe. Mwili huwasha bila upele. Mtu huchoka, huchukia chakula, hukonda, au huumwa chini ya mbavu za kulia. Tumbo hujaa maji na miguu huvimba. Mwenye dalili yoyote katika hizi na aende kupimwa siku zile zile, asingoje mwisho wa mwezi. Hata kama ni malaria, malaria inayogeuza macho manjano ni kali, nayo ni ya hospitali.

Ziko dalili zisizongoja hata kupambazuke: kutapika damu, choo cheusi kama lami, kupotewa na akili au kulala usingizi usio wa kawaida, na homa kwa mtu ambaye tumbo limejaa maji. Mama mjamzito mwenye macho ya manjano naye asicheleweshwe, wala mtoto mchanga aliyegeuka manjano siku ile ile aliyozaliwa.

Tusiseme kuwa kila mwenye macho ya manjano ni mlevi. Pombe huharibu ini, ni kweli, na anywaye sana yafaa aache. Lakini mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Walikuwamo watoto wadogo. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Dawa yake ni kukausha mahindi vizuri, kuyaweka mahali pakavu, na kuyatupa yaliyoharibika.

Tena kuna homa ya ini aina ya B, iletwayo na virusi. Huambukizwa kwa damu, kwa wembe wa kushirikiana, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Haiambukizwi kwa kula sahani moja, basi tusimtenge mgonjwa. Mtu aweza kuwa nayo miaka mingi bila dalili, na kipimo cha damu ndicho kiionyeshacho. Ina chanjo. Watoto wa Kenya huchanjwa tangu miaka ya mwanzo ya 2000, lakini wengi wetu tuliomo humu tulizaliwa kabla. Yafaa tuulize hospitalini.

Na mgonjwa afikapo kwa daktari, amweleze yote aliyokunywa, ya duka na ya mizizi, pasipo haya. Dawa nyingine huliumiza ini, na hata vidonge vya maumivu vya kawaida vikizidi kipimo vyaweza kuua.

Bwana Mwenyekiti, tunalo ombi moja. Tunaomba mkutano huu ukubali kutenga sehemu ya mfuko wa mazishi iwe nauli ya mgonjwa, itolewe siku ile ile iombwapo, na mweka hazina asimwulize mtu kama alikuwa akinywa. Chama chetu kimejulikana kwa kuzika vizuri. Twatamani kijulikane pia kwa kuwahi.