Habari za Jumba la Sinema la Vuga

Leo napenda kuwaeleza habari za jumba moja la sinema lililoko Unguja, katika mtaa wa Vuga. Huenda mtu akasema, "Sisi watu wa milimani, wenye migomba na chai, majumba ya pwani yatuhusu nini?" Yatuhusu, maana kila kijiji kina nyumba yake ya watu wote, nayo yaweza kuishi au kufa kama jumba hilo.

Kwanza tujue sinema ni nini. Ni picha nyingi zilizopigwa mfululizo katika utepe mrefu. Katika sinema yenye sauti, picha 24 hupita mbele ya taa kali kwa kila sekunde moja. Jicho haliwezi kuzitenga, basi mtu huona kitu kimoja kinachokwenda.

Hapo zamani watu wa Unguja walitazama picha katika mahema, na katika banda walilolipa jina la Sinema ya Bati. Kisha mfanyabiashara wa Kihindi, Bwana Jariwalla, akajenga jumba la fahari. Lilifunguliwa mwaka 1921, likaitwa Royal. Ramani yake ilichorwa na Mwingereza, Bwana J. H. Sinclair, aliyechora majengo mengine mengi ya mji ule. Baadaye likaitwa Majestic. Katika miaka ya 1950 likateketea kwa moto. Lakini watu hawakuliacha, wakajenga jipya, nalo likafunguliwa mwaka 1955.

Wakati huo siku ya Jumapili ilikuwa siku kubwa. Waarabu, Wahindi, Waafrika na Wangazija waliingia mlango mmoja, ingawa bei za viti zilitofautiana. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, wapate kutazama kwa heshima na raha. Picha za Kihindi zilipendwa sana, kama Awara ya mwaka 1951. Wengi hawakujua Kihindi, walakini walifahamu habari yake: kijana aliyekosa malezi ya baba. Tiketi zilipokwisha, walanguzi waliziuza kwa bei ya juu, na watu wakanunua. Kesho yake habari ya picha ilisimuliwa barazani, hata asiyeingia akaijua.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ilitwaa majumba ya sinema. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, kisha zikaja kaseti za video, na watu wakatazama picha majumbani mwao. Fedha za mlangoni zikapungua, matengenezo yakakosekana, jumba likachakaa. Angalieni jambo hili: moto uliliunguza jumba lile likasimama tena, kwa kuwa watu walilitaka. Viti vitupu vililiua bila hata cheche moja.

Hata hivyo mapenzi ya sinema hayakuzimika. Tangu mwaka 1998 Zanzibar imekuwa na tamasha la filamu la nchi za majahazi, na picha huonyeshwa usiku katika Ngome Kongwe. Huko hutazamwa kazi za Waafrika na za watu wa Bahari ya Hindi, ambazo wafanyabiashara wengi hawazichukui kwa kuwa faida yake ni ndogo. Picha hupelekwa vijijini pia. Na katika miaka hii wako watu wa Unguja wanaofanya juhudi ya kulifufua jumba la Vuga.

Basi, wazee na vijana, nyumba ya watu wote hujengwa na fundi mara moja, lakini hudumishwa na miguu ya wanaoingia kila juma. Itazameni maktaba ya shule yenu, au ukumbi wenu wa kijiji. Je, nani aliingia humo juma hili?

Kwaherini.