Wa Tatu Si wa Kwanza

(Mada iliyosomwa baada ya tarawehe, usiku wa vijana na wazazi)

Wazee wangu, mama zangu mlio nyuma ya pazia, vijana wenzangu. Nimepewa dakika kumi, na najua futari bado inawalemea, kwa hivyo sitawachosha.

Kabla ya mwezi kuandama, wanafunzi sita tulikaa bwenini tukatazama filamu ya zamani, Fear Strikes Out, iliyotoka Marekani mwaka 1957. Ni kisa cha Jimmy Piersall, mchezaji wa besiboli wa Boston Red Sox. Besiboli ni ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo kisha unazunguka vituo mbio. Kama huujui usijali, hata mimi sikuuelewa. Nilichokielewa ni yule baba.

Amemfunza mtoto tangu mdogo, na ndoto ni moja tu: Boston. Siku moja kijana analeta habari kwamba ameshika nafasi ya tatu kwa upigaji. Baba anamjibu kuwa hiyo si ya kwanza. Tulicheka sote, halafu tukanyamaza. Nani kati yetu hakuwahi kupeleka ripoti nyumbani akaulizwa, "Kwani huyo wa kwanza anakula nini?"

Mwisho kijana akili inamruka uwanjani, mbele ya umati. Anaparamia ule wavu wa kuzuia mpira huku akimpigia baba yake kelele, anataka kujua kama sasa ameridhika. Anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Hapo ubishi ukaanza. Mmoja wetu akasema huyu mzee ndiye aliyemuua mwanawe. Mwingine, ambaye babake husukuma mkokoteni, akakasirika kweli: "Bila babangu kunisukuma, mimi ningekuwa hapa?" Ajabu ni kwamba kijana kwenye filamu anamwambia daktari maneno kama hayohayo, na ndipo anaposhtuka kusikia anachosema. Wa tatu akasema hayo ni majini, asomewe. Mimi nikamwambia, asomewe, na daktari pia amuone. Dua haijawahi kumfungia mtu mlango wa hospitali.

Ubishi haukuisha, basi nikaenda kusoma habari za Piersall mwenyewe. Aliugua kweli mwaka 1952, akatibiwa, na 1953 akarudi uwanjani. Alicheza hadi 1967. Kisa chake alikiandika kitabuni mwaka 1955. Lakini filamu ile aliikataa! Alisema imepotosha mambo na imembebesha babake lawama isiyo yake. Mamake pia alikuwa amewahi kulazwa kwa maradhi ya akili, kwa hivyo si kila kitu kilitoka kwa mzee. Piersall alifariki 2017, akiwa na miaka 87.

Sasa wazee msishangilie bado. Naona wengine mmeanza kutabasamu. Kumwondolea baba lawama ya ugonjwa si kusema lile jibu la "si ya kwanza" lilikuwa sawa. Na nyinyi vijana, mkiwa wagonjwa msitafute kwanza nani wa kushtakiwa. Piersall hakupona kwa kesi. Alipona kwa kulazwa na kutibiwa, na watu wakajua, na bado akarudi kazini. Huku kwetu mtu akitajwa tu kuwa amepelekwa hospitali ya akili, hata posa inavunjika. Kweli ama si kweli?

Nayasema haya kwa sababu muhula uliopita mimi mwenyewe nilikuwa silali. Wiki tatu. Nikifungua kitabu, mistari inaogelea. Kila Ijumaa baba akipiga simu kuuliza masomo, namjibu, "Alhamdulillah, mazuri." Uongo huo niliurudia mara nyingi hata nikaanza kuogopa simu yenyewe ikilia. Rafiki yangu mmoja ndiye aliyenishika mkono hadi kwa daktari, na bado naendelea kumuona.

Baba yuko hapa, safu ya pili. Nimemwomba ruhusa kabla ya kusema, akanipa. Usiku nilipomweleza alinyamaza muda mrefu. Nikajua sasa ataniuliza mtihani. Akaniuliza kama nimekula.

Mwenye swali nitakuwa barazani, na mwenye swali la siri pia nitakuwepo hadi daku.