Wekeni Simu Zote Mbili Mezani

Hapa Kampala mimi na mama watoto tuliombea deni miaka mingi, huku kila mmoja akimficha mwenzake lake. Mimi sipiti Owino bila kununua. Yeye hawezi kukataa mchango wa kwanjula. Kila mtu na mkopo wake kwenye simu.

Hebu piga hesabu: umekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Ukilipa riba tu, kwa mwaka umetoa 120,000, na deni liko palepale! Methali 22:7 ilishatuonya kuhusu utumwa huo.

Leo usiku, kabla ya maombi, wekeni simu zote mbili mezani. Tajianeni madeni yote. Msilaumiane. Anzeni na lenye riba kubwa, mlilipe pamoja. Amina?