Mchaichai: Chai Ndiyo, Dawa ya Malaria Siyo

(Hotuba kwa akina mama wa jumuiya ndogo ndogo za Kayole, Umoja na Kariobangi)



Akina mama wapendwa, na nyinyi akina baba watatu mlioketi kule nyuma karibu na mlango, karibuni. Leo tunarudi kwa habari ya mchaichai, na tunarudi kwa sababu tulikosea.

Mwaka jana tuliwafundisha kuupanda kwenye debe na gunia. Tuliusifu kweli kweli. Tulisema unatuliza tumbo, unatoa jasho, unashusha homa. Mama mmoja wetu alitusikia vizuri kabisa. Baada ya likizo ya Agosti mtoto wake alirudi kutoka kwa nyanya yake huko Busia, na kama siku tisa baadaye mwili ukawa moto. Mama akachemsha mchaichai na tangawizi, akamnywesha asubuhi, mchana na jioni, akamfunika blanketi. Usiku joto lilishuka, asubuhi likapanda tena. Siku ya tatu mtoto akashikwa na degedege. Jirani alimbeba mbio hadi kliniki, akadungwa kidole, ikaonekana ni malaria.

Tunamshukuru Mungu, mtoto alipona na amerudi shule. Tulipomtembelea mama hakutugombeza. Alituuliza tu, "Si mlisema inashusha homa?" Hatukuwa na la kujibu.

Basi tuseme sawasawa sasa. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na malaria ya kuambukizwa hapa ni kidogo. Lakini sisi watu wa Eastlands tunasafiri. Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, Pwani, huko mbu wa malaria wapo, na ugonjwa huchukua siku saba au zaidi kabla ya kujitokeza. Mtoto akitoka safari na mwili ukawa moto, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, na mueleze daktari alikotoka. Jasho la mchaichai linaweza kumpa nafuu ya saa chache, huku vijidudu vinaendelea kuongezeka ndani ya damu.

Kuna atakayesema tunadharau dawa za miti. Hapana, jamani. Dawa ya malaria tunayopewa hospitali asili yake ni mmea, jamii ya pakanga kutoka China, na mama aliyeongoza kazi ya kuigundua, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini ile imechujwa, imepimwa, na kipimo chake kinajulikana kwa uzito wa mtoto. Chai ya mchaichai haijathibitishwa kuwa inatibu malaria. Na tusidanganyane kwamba ni dawa ya babu zetu wa Murang'a au Machakos. Asili ya mmea huu ni Asia, ukaenea huku na huku.

Jikoni sasa, hapo ndipo mahali pake. Chukua majani matano au sita, yaoshe, yafunge fundo ili yasitawanyike kwenye sufuria. Maji yakichemka tumbukiza, funika, acha dakika kumi. Usipofunika, harufu yote inaenda kwa jirani! Ongeza tangawizi iliyopondwa ukitaka. Wengine hutia maziwa, lakini wengi wetu tunaipenda hivyo hivyo ya rangi, na limau kidogo. Haina kafeini, kwa hiyo hata jioni mtu anakunywa na analala. Tena sikieni hili: majani ya chai ya kawaida, yakinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na sukuma wiki. Nyumba nyingi tunawapa watoto chai na githeri kwa pamoja. Afadhali mchaichai.

Majani yana makali kama wembe, kwa hiyo kateni kwa kisu. Ile sehemu nyeupe ya chini msiitupe. Ipondeni kwa mgongo wa kisu, tieni kwenye mchuzi wa samaki au wa nazi, kisha mwitoe kabla ya kupakua. Watu wa Thailand wanapikia supu zao nayo.

Kwa mtu mzima mwenye mafua, au tumbo lililojaa gesi, kikombe cha moto kinasaidia, tunywe. Mama mjamzito asinywe nyingi kama dawa. Aulize kliniki kwanza. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata akilia tumbo, hata shosho akisisitiza. Wala asali msimtilie mtoto asiyefika mwaka mmoja. Na kujifukiza kule tulikozoea mwaka 2020 wakati wa korona, sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi katika chumba kimoja na watoto, tuache. Mtoto akiipiga teke ataungua.

Mbu je? Tulisikia mtu akisema debe moja mlangoni latosha. Mmea ukisimama tu haufukuzi mbu. Mafuta yake yako ndani ya jani. Tumieni neti.

Kuhusu kupanda: shina moja lenye mizizi linatosha, katika debe lililotobolewa chini, mahali penye jua. Likishajaa mnaligawa. Msipande kando ya mto wala msimwagilie maji ya mfereji wa choo, hata kama mnaona mboga za huko zimenawiri.

Leo tumeleta mashina nje, pale chini ya tangi la maji. Kila jumuiya ichukue mawili. Yule mama tuliyemtaja ndiye aliyeyakata kutoka debe lake, na amesema atabaki nasi baada ya hapa kwa yeyote mwenye swali.