Kufufua Kabureta Kuukuu: Maneno Yaliyosemwa Rujewa

Maneno yetu ya leo ni juu ya kabureta, chombo kidogo ambacho watu hawakikumbuki mpaka siku mashine inapogoma.

Hapa Rujewa mpunga hunyweshwa kwa maji ya mifereji, lakini shamba lililo juu kuliko mfereji halipati maji ila kwa pampu. Mpunga unapotoa masuke, kiu ya siku chache yatosha kuleta mapepe badala ya chakula. Ikiwa siku hizo pampu ya petroli haitaki kuwaka, mwenyewe huambiwa auze mbuzi anunue mpya. Sisi twasema asifanye haraka, kwa kuwa mara nyingi mashine ni nzima, ila kabureta imeziba.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Hewa hupita katika koo jembamba, na hapo huenda mbio na nguvu yake ya kusukuma hupungua. Ndipo petroli hufyonzwa kutoka katika kikombe, ikapita katika tundu dogo liitwalo jeti, ikatoka kama ukungu. Kipimo chema ni kadiri ya sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Ndani ya kikombe limo boya, nalo hupanda na kuifunga sindano petroli inapotosha. Kabureta ya namna hii ya kunyunyiza ilibuniwa na Wilhelm Maybach, Mjerumani, mwaka 1893, na ndiyo iliyotumika katika pikipiki, pampu, na injini za zamani zilizofungwa ndani ya mashua.

Katika habari za mashua tunalo fundisho. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka kwao hadi Ziwa Tanganyika. Zilipita Cape Town, zikapanda gari la moshi, zikakokotwa porini kwa mashine za mvuke na ng'ombe. Kila moja ilikuwa na injini mbili za petroli, na tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani. Fikirini, kiwanda kilichoziunda kilikuwa ng'ambo ya bahari. Injini ikiharibika mahali kama pale, tegemeo ni mikono ya fundi aliye karibu. Mkulima wa Usangu naye yumo katika hali hiyo pampu inapozimika shambani.

Basi yafaa kazi ifanywe hivi. Kwanza, fungeni bomba la petroli, mkafanye kazi nje, mbali na jiko na sigara. Safisheni kabureta kwa nje kabla ya kuifungua. Tandikeni kitambaa cheupe, mpange kila kipande kwa taratibu kilivyotoka. Skrubu ya kupimia mchanganyiko ikazwe polepole mpaka iguse, mkihesabu mizunguko na kuiandika, ndipo itolewe.

Pili, petroli iliyolala miezi mingi huacha utomvu, na maji hutua chini ya kikombe yakaleta kutu. Loweka vipande vya chuma katika dawa ya kusafishia kabureta, kisha puliza kila tundu kwa pampu ya baiskeli. Haifai kamwe kuchokoa jeti kwa waya. Tundu likipanuka kidogo tu, petroli huzidi, plagi huwa nyeusi, na mafuta huisha upesi.

Tatu, tikiseni boya la shaba. Likisikika maji ndani, limetoboka. Litieni katika maji ya moto, nanyi mtaona mapovu mahali pa tundu. Asiligusishe mtu moto wa kulehemu kabla petroli yote haijatoka ndani, maana litalipuka. Sindano iliyochimbika ncha ibadilishwe pamoja na kikalio chake. Gasketi ziwe mpya, kwa kuwa hewa ikiingia pasipo njia yake, petroli hupungua katika mchanganyiko na injini hupata moto kupita kiasi. Mkikaza skrubu msitumie nguvu za kukata kuni. Mwili wa kabureta ni laini.

Liko neno kubwa kuliko haya yote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Katika mashua hutua chini sakafuni, ukingoja cheche moja. Kwa hiyo mabaharia hufungua na kupitisha hewa kabla ya kuwasha, wala hawaondoi kizuia moto kilicho mdomoni mwa kabureta. Hali kadhalika, pampu isiwashwe ndani ya chumba, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu kimya.

Walimu, wafundisheni vijana kazi hii kwa vitendo. Wazee, kila kijiji kiwe na mtu mmoja mwenye subira aliyejifunza, naye aifungue kila kabureta kabla ya msimu, si siku mpunga unapokauka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.